Walimu wa bailojia, wapeni watoto mzizi wa neno, wasikariri tu

Ndugu Mhariri,

Kamwene kutoka huku Njombe. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niongee na walimu wa bailojia wa sekondari, na wazazi wenzangu pia, kuhusu haya majina ya kisayansi ambayo watoto wanayakariri usiku kucha na wiki moja baada ya mtihani hayapo tena kichwani. Mtoto katoka darasa la saba kila kitu kasoma kwa Kiswahili, anaingia form one anakutana na majina ya Kigiriki na Kilatini yaliyovaa Kiingereza, hakuna anayemwambia yametoka wapi, sasa atafanyaje zaidi ya kukariri?

Mimi ni nesi mstaafu. Nimechoma sindano tangu enzi zile za sirinji za vioo, wale wa zamani wanazikumbuka, ukishatumia unaosha, unachomoa pistoni, unaweka kila kipande peke yake kwenye sterilaiza ndo unachemsha, na kila bomba lilikuwa na pistoni yake yenye namba ileile maana ukichanganya haziingiani au dawa inavuja kwa nyuma. Siku hizi nalima maharage na viazi. Sasa mjukuu wangu wa form two kashika karatasi ya afisa ugani inayohusu ugonjwa wa maharage, akaona bakteria ameandikwa Pseudomonas syringae, akaniuliza bibi, kwani huyu anaambukizwa kwa sirinji? Lile ni swali la mtoto anayefikiri, kaona herufi zinafanana akataka kujua kwa nini, na shuleni alipouliza akajibiwa andika hivohivo ilivyo.

Jibu ni kwamba hapana, haambukizwi kwa sirinji, ila majina yote mawili yametoka kwa mama mmoja. Wagiriki wa kale walikuwa na neno syrinx, maana yake bomba, mrija, au filimbi ya matete. Kwenye hadithi zao kulikuwa na binti wa porini anaitwa hivohivo Syrinx, mungu wa wachungaji aliyeitwa Pan akamtaka kwa nguvu, binti akakimbia mpaka ukingoni mwa mto Ladon akaomba msaada akageuzwa matete, na Pan akayakata yale matete akayaunganisha akatengeneza filimbi. Mtoto akisikia hiyo mara moja tu hasahau tena.

Sasa twende hospitali. Sirinji ni bomba, hilo liko wazi. Kuna ugonjwa wa uti wa mgongo unaitwa siringomielia, jina alilitoa daktari Mfaransa Ollivier d'Angers mwaka 1827, ambapo ndani ya uboho wa uti wa mgongo kunatokea uwazi kama mrija wenye majimaji, ule uwazi ukipanuka unabana mishipa ya fahamu inayobeba hisia za maumivu na joto, kwa hiyo mgonjwa anashika sufuria la moto anaungua vidole na hasikii kitu, ingawa ukimgusa kwa pamba anasikia vizuri. Zamani baadhi yao walidhaniwa wana ukoma. Na angalia neno lilivyokatika, siringo ni mrija, mieli ni uboho. Ukishajua mieli ni uboho basi na polio imefunguka, maana jina lake refu ni poliomielaitisi, polio kwa Kigiriki ni rangi ya kijivu, mieli uboho, aitisi ni uvimbe wa ugonjwa, yaani ugonjwa unaoshambulia sehemu ya kijivu ya uboho wa mgongo. Chanjo ile kila mama wa Tanzania anaijua na kadi ya kliniki anayo ndani, lakini watu wangapi wameambiwa jina lake linasema nini?

Hata fistula, ugonjwa unaowatesa mama zetu waliokaa na uchungu siku nyingi bila msaada, ni neno la Kilatini lenye maana ileile ya bomba, na waganga wa Kigiriki wenyewe tundu la namna hiyo mwilini waliliita syrinx. Ndege nao hawaimbi kwa koo kama letu, wana kiungo chao chini kabisa pale bomba la hewa linapogawanyika, nacho kinaitwa syrinx.

Upande wa mimea ndo stori inapokuwa ndefu. Ulaya kuna maua mawili ya bustani ambayo zamani yote yaliitwa syringa, moja ni lilaki na lingine mashina yake yana uboho laini unaotoka kirahisi, ukiusukuma nje unabaki na bomba kama kipande cha mwanzi wa ulanzi, na watu waliyatumia kutengenezea filimbi na viko. Carl Linnaeus, mtaalamu wa Sweden aliyepanga majina ya mimea na wanyama, mwaka 1753 akayatenganisha, jina Syringa akawapa lilaki, lile lingine akaliita Philadelphus, lakini watu wa kawaida hawakumsikiliza, hadi leo jimbo la Idaho kule Marekani ua lao rasmi wanaliita syringa na ni Philadelphus. Na ukivuka Tunduma ukashuka mpaka Zimbabwe na Afrika Kusini, mti wanaouita syringa ni Melia, ndugu wa mwarobaini, ambao si lilaki wala hauna undugu nayo. Lilaki yenyewe iko ukoo mmoja na mzeituni na yasmini.

Kwa hiyo yule bakteria wa maharage jina lake limepita huko, maana alipatikana kwanza kwenye lilaki iliyougua, mwaka 1899, ndo akaitwa wa syringae. Kumbe ana ndugu wengi, wapo wa nyanya, wa kahawa, na huyu wa maharage anayependa baridi yetu ya nyanda za juu, unaona kidoa kidogo kama kimeloa maji halafu kinazungukwa na duara la kijani-njano, hali ya hewa ikiwa ya joto kali lile duara hata halionekani vizuri. Anasafiri ndani ya mbegu, kwa hiyo mbegu ya kuokoteza sokoni ni hatari, na msiingie shambani kupalilia majani yakiwa na umande maana mnamtembeza wenyewe kwa nguo na mikono. (Vitabu vipya vingine vimembadilishia huyu wa maharage jina, lakini karatasi nyingi bado zinatumia lile la zamani.)

Na kuna jambo ambalo naona mtoto wa Njombe au Makete angepaswa kulijua kabla ya mtoto wa Dar. Baadhi ya hawa bakteria wana protini kwenye ngozi yao inayofanya maji yagande mapema, kwenye nyuzi kama 2 tu chini ya sifuri, wakati maji safi juu ya jani yangeweza kushuka zaidi ya hapo bila kuganda. Yaani ile barafu ya asubuhi mwezi wa 6 na wa 7 inayotuunguzia viazi, baridi ina mkono wake ila bakteria naye anaweza kuwa na wake. Mwaka 1987 kule California wanasayansi walipulizia mistroberi bakteria wa aina hiyo walioondolewa uwezo wa kugandisha maji, waone kama watapunguza hasara. Somo zima la bailojia lipo hapo, jenetiki, magonjwa ya mimea, hali ya hewa, na mtoto analiona kwenye shamba la nyumbani kwao.

Ombi langu kwa walimu ni dogo, neno jipya likitokea mara ya kwanza likate vipande ubaoni, andika kila kipande kina maana gani kwa Kiswahili, dakika mbili zinatosha, halafu waulize watoto wataje maneno mengine wanayodhani ni ndugu zake. Na kwako Mhariri, ukurasa wenu wa elimu ukitenga kiboksi kimoja kila wiki cha neno moja la sayansi na mzizi wake, mimi nipo tayari kuandika ya upande wa hospitali bila malipo, na naamini mabwana shamba wa Uyole hawatakosa la kuandika upande wa mimea.

Nesi mstaafu,
Njombe