Jiwe la Amboni na jiwe la kanisa

Chumbageni, Tanga

Kwako shoga yangu Mwanaidi,

Asalaam aleikum. Huku sote wazima, ila joto na umeme wa kukatika-katika. Picha zako za Nördlingen, huko Ujerumani, zimefika, na swali lako limenichekesha: eti kwa kuwa ukuta wa lile kanisa ni wa kijivu kama mapango ya Amboni, basi mawe si yale yale? La, shoga. Hayana udugu hata wa kuokoteza.

La kwetu ni chokaa, mwamba mashapo. Miaka kama milioni 150 iliyopita huku kulikuwa bahari. Makombe na vijidudu vya baharini vikifa vikatua chini, tabaka juu ya tabaka, vikashikamana kwa uzito wa vilivyofuata. Huwezi kutaja siku liliyozaliwa. Baadaye maji ya mvua, yenye ukali kidogo wa hewa ya kaboni, yakaitafuna chokaa hiyo mpaka yakapatikana mapango. Likamulie ndimu uone: linachacha, povu jembamba linapanda. Wanafunzi wangu hawachoki na hilo, na ndimu ninanunua mimi.

Hilo la huko linaitwa sueviti, na siku yake ya kuzaliwa ipo. Karibu miaka milioni 15 iliyopita kimondo chenye upana wa kilometa 1 hivi kilianguka hapo hapo ulipo, kikachimba shimo la kilometa 24. Mji wote umo ndani yake. Graniti na miamba mingine ya chini ikapondwa, nyingine ikayeyuka, ikarushwa juu na kurudi ikiwa ya moto. Sogea karibu na ukuta utaona lilivyo kama kashata: unga wa kijivu, ndani yake vipande vyeusi vya kioo vilivyopindana na punje za mawe yaliyovunjika. Wataalamu wanaliweka kwenye ukoo wa miamba geu, yaani iliyobadilishwa na joto na mgandamizo, ila wenzake hupikwa ardhini mamilioni ya miaka, na lenyewe liligeuzwa kwa kipigo kimoja.

Wajerumani wenyewe walishikilia kwa muda mrefu kuwa ni la volkano. Mwaka 1960 wanajiolojia wa Marekani, Eugene Shoemaker na Edward Chao, wakakuta ndani yake koesaiti, yaani kwatzi (madini ya kawaida ya mchanga) iliyobanwa kwa mgandamizo unaozidi ule wa hewa mara 20,000. Mlipuko wa volkano hauna ubavu huo. Hapo ndipo ninapowavulia kofia: shimo kubwa lote lile halikuwashawishi watu, chembe isiyoonekana kwa macho ikamaliza ubishi.

Ila ndugu wa Amboni huko yupo. Vile vilima vinavyolizunguka shimo ni chokaa, tena ya zama zile zile za bahari yetu, zinazoitwa Jura. Kimondo kilimkuta ameshalala hapo zamani, na vipande vyake vichache vimo hata ndani ya sueviti. Kwa hiyo ukijaribu ndimu ukaona povu hapa na pale, usidanganyike.

Na usije ukakamulia ndimu ukuta wa kanisa la watu! Tafuta kipande kilichoanguka njiani, ukifunge kwenye gazeti, umpe mtu anayekuja Idi. Mama anakusalimu sana. Anauliza ule mnara wa kanisa wa mita 90 umeupanda kweli, au umeupiga picha tu ukiwa chini.

Shoga yako,
Zuhura