Safari ya Malaysia kutoka Kigoma: Mambo ya Kukamilisha Kabla ya Kukata Tiketi

Wateja wengi wanaofika katika ofisi yetu ya uwakala wa safari iliyopo Mwanga, Kigoma, kuulizia likizo ya Malaysia huanza na nauli. Tunawajibu, lakini kwanza tunauliza mambo mawili: likizo yako inaangukia mwezi gani, na pasipoti unayo mkononi? Mtanzania hahitaji viza kwa matembezi mafupi nchini Malaysia, na kwa sababu hiyo wapo wanaodhani kwamba safari hiyo haina maandalizi zaidi ya fedha na begi. Maandalizi yapo, na mengi yake yanatakiwa yakamilike kabla tiketi haijakatwa.

Tuanze na majira, kwa kuwa watumishi na wazazi wengi wa hapa hupata nafasi ya kusafiri Juni au Desemba, shule zinapofungwa. Malaysia Bara ina pwani mbili ambazo hazinyeshewi kwa wakati mmoja. Pepo za kaskazini-mashariki huvuma kuanzia Novemba hadi Machi na kuleta mvua kubwa na bahari chafu kwenye pwani ya mashariki, yaani Kelantan, Terengganu na Pahang, na hoteli nyingi za visiwa vya Perhentian na Redang hufungwa kabisa katika kipindi hicho. Mteja anayetaka visiwa hivyo kwa Desemba tunamwambia wazi kwamba haiwezekani, hata kama ameona picha nzuri na bei ya kuvutia. Desemba ni zamu ya pwani ya magharibi: Langkawi, au Penang pamoja na mji wake wa kale wa George Town, ulioingizwa pamoja na Melaka katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008. Juni ndipo visiwa vya mashariki vinapopendeza. Ni vyema pia kuepuka siku za Idd el Fitr, si kwa sababu sherehe ni mbaya, bali kwa sababu Wamalaysia wenyewe hurudi vijijini kwao kwa wingi na treni na mabasi hujaa mapema sana.

Pasipoti ndiyo inayochelewesha safari nyingi za mkoa huu. Maombi hujazwa kwa mtandao, kisha mwombaji hufika Uhamiaji na kitambulisho cha taifa, cheti chake cha kuzaliwa, na cheti cha kuzaliwa cha mzazi au kiapo. Kwa kuwa Kigoma ni mkoa wa mpakani, mwombaji ajiandae kuulizwa kwa kina kuhusu wazazi wake na mahali walipozaliwa. Ni afadhali nyaraka za wazazi zitafutwe mapema kuliko kuanza kuzihangaikia tiketi ikiwa imeshalipiwa. Mwenye pasipoti tayari na aitazame tarehe ya mwisho, kwani inatakiwa iwe na uhai wa angalau miezi sita tangu siku ya kuingia Malaysia.

Lipo pia suala la majina, na hapa tunakuwa wakali kidogo. Mtu ni Hamisi kwenye cheti cha kuzaliwa, Khamis kwenye kitambulisho, na kwenye tiketi aliyokatiwa na shemeji yake kwa simu ameandikwa kwa jina la babu lisilomo kwenye pasipoti. Shirika la ndege hulinganisha tiketi na pasipoti herufi kwa herufi, na kurekebisha jina baadaye hugharimu, wakati mwingine hulazimu tiketi mpya. Kwa sababu hiyo hatukati tiketi kwa jina la kutajiwa; tunataka kuuona ukurasa wa pasipoti wenye picha.

Kadi ya manjano nayo isiachwe nyuma. Malaysia hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa wasafiri wanaotoka katika nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, au waliopita kwenye viwanja vya ndege vya nchi hizo kwa zaidi ya saa 12. Ethiopia, ambako wengi hubadilishia ndege, imo katika orodha hiyo, sawa na Kongo na Burundi, ambako wafanyabiashara wetu huenda na kurudi na mihuri yake imejaa kwenye pasipoti zao. Tunamtaka kila mteja awe nayo, bila kubishana kuhusu njia atakayopita. Cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, na tangu mwaka 2016 hudumu maisha yote, kwa hiyo anayechanjwa juma la safari amechelewa.

Tangu Januari 2024, mgeni hujaza pia kadi ya kidijitali ya kuwasili, iitwayo MDAC, ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Haina malipo. Ukurasa wowote wa mtandaoni unaokudai fedha kwa kadi hiyo si wa Idara ya Uhamiaji ya Malaysia. Afisa wa uwanjani anaweza kukuomba tiketi ya kurudi, anwani ya hoteli na uthibitisho wa fedha za kujikimu. Ukishagongewa muhuri, soma siku ulizopewa palepale. Jihadhari vilevile na boti za kitalii zinazotoka Langkawi kwenda visiwa vya Thailand. Mwendo ni mfupi, lakini Thailand humtaka Mtanzania awe na viza aliyoiomba kabla ya kufika.

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Tanzania hadi Kuala Lumpur; utabadilisha Doha, Dubai, Addis Ababa au kwingineko. Kipande kinachotutia wasiwasi, hata hivyo, ni kile cha Kigoma hadi Dar es Salaam. Ukikata kipande hicho kwa tiketi yake ya pekee, kisha ndege ya Kigoma ikaahirishwa, shirika linalokupeleka ng'ambo halikudai wala hulidai: umechelewa, na tiketi imepotea. Tunashauri ulale Dar es Salaam angalau usiku mmoja, na anayekwenda kwa treni au basi aongeze siku nyingine.

Ukishafika, mambo ni mepesi kuliko wengi wanavyohofia. Plagi ni za pini tatu kama zetu, chakula cha halali kimejaa kila kona, na nasi lemak ya asubuhi ni wali wa nazi wenye pilipili, karanga, yai na visamaki vikavu ambavyo mtu wa Ujiji ataviita dagaa bila kusita. Saa zao ziko mbele yetu kwa tano. Hoteli humtoza mgeni kodi ya utalii ya ringiti 10 (fedha ya Malaysia) kwa chumba kila usiku, nje ya bei uliyolipia mtandaoni. Daraja la minara ya Petronas, yale majengo pacha marefu ya Kuala Lumpur, hufungwa Jumatatu.

Mambo mawili hatuyafanyi kamwe. Hatubebeshi mteja mzigo wa mtu mwingine, na tunamsihi asikubali kuubeba popote, kwani sheria ya Malaysia kuhusu dawa za kulevya bado inaruhusu adhabu ya kifo. Pia hatumsaidii mtu kwenda kutafuta kazi kwa ruhusa ya matembezi. Ruhusa hiyo haikupi haki ya kufanya kazi, na anayekuahidi kwamba itabadilishwa ukishafika anakudanganya.

Anayekusudia Desemba na afike ofisini kabla ya mwisho wa Agosti, akiwa na pasipoti au nyaraka za kuiombea, kadi ya manjano kama anayo, na tarehe za likizo zilizokubaliwa na mwajiri. Mazungumzo ya kwanza hayalipiwi. Nauli tutaipiga hesabu siku hiyohiyo, ikiwa na kipande cha Kigoma ndani yake.