Ugonjwa wa "ntapita tu" utatumaliza Jangwani

Mhariri naomba nafasi kidogo, hili jambo limenikaa kooni tangu mvua zilizopita.

Kuna ugonjwa hapa Dar hauna dawa famasi, mi nauita ntapita tu. Unapanda wakati wa masika, hasa Mto Msimbazi ukishafurika pale Jangwani na kulala juu ya Barabara ya Morogoro. Mtu anasimama anaangalia maji, anaona kabisa gari ya mwenzake imezima katikati na tairi hazionekani, halafu anakunja suruali anasema ntapita tu. Ukimwambia braza rudi anakuwa mkali! Na wengine wana mtoto mgongoni jamani, hapo ndo roho inaniuma kweli.

Mwaka 1914 daktari mmoja wa Ufaransa, Joseph Babinski, alieleza habari za wagonjwa waliopooza upande mmoja wa mwili lakini ukiwauliza wanakwambia wako fiti, na hawadanganyi, ubongo wenyewe ndo haujapata taarifa. Nilivyosikia hiyo nikasema hawa ni wa kwetu kabisa. Kwa hiyo kumtukana mtu wa Jangwani eti hana akili ni kupoteza mate, hajijui kama anaumwa, huyo ni wa kushikwa mkono.

Maji yanayokimbia yakipita kifundo cha mguu tu, sentimeta 15 hivi, yanaweza kumwangusha mtu mzima, yakifika sentimeta 30 yanabeba gari ndogo. Na ya Msimbazi ni tope tupu, hujui chini kuna lami au shimo. Halafu watu wanasahau kwamba mto unaanzia huko milima ya Pugu na Kisarawe, yaani mjini jua linawaka we unajiona salama kumbe mzigo uko njiani unakuja.

Sasa wahusika, naomba msisubiri maji yafike magotini ndo mlete utepe, utepe mgonjwa anauruka. Wekeni geti la chuma upande wa Magomeni na lingine upande wa Fire, liwe na askari, na mvua ikikolea Pugu lifungwe hapohapo hata kama Jangwani bado pakavu. Tutanung'unika, tutachelewa kazini, tutawatukana pia. Fungeni tu.

Msomaji wako,
Magomeni Mapipa, Dar es Salaam