Kamera ya kanda isiyoonekana kwenye kompyuta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwaeleze wanaotaka kuhariri video za kanda za MiniDV (kanda ndogo za video za kidijitali) jambo lililonipotezea siku mbili, nikidhani kamera yangu imeharibika. Nilikuwa nimeiunganisha kwa waya wa USB, na kompyuta ikaniletea picha za mnato tu zilizokuwa kwenye kadi, bila hata sekunde moja ya video. Kumbe katika kamera nyingi za aina hiyo video kamili hupitia tundu la FireWire (aina ya muunganisho wa waya, tofauti na USB), ambalo kwenye kamera ni dogo lenye pini 4, ilhali kwenye kompyuta zenye tundu hilo mara nyingi huwa na pini 6; kwa hiyo waya sharti uoane na ncha zote mbili, na kamera iwekwe kwenye hali ya kucheza kanda, si ya kurekodi. Ni salama zaidi kuuchomeka vifaa vikiwa vimezimwa, kwa kuwa tundu la pini 6 hutoa umeme. Kanda ya saa 1 huhamishwa kwa saa 1 nzima na hujaza takribani gigabaiti 13 za diski. Laiti watengenezaji wangeliandika wazi suala la USB katika vijitabu vyao, palepale penye mchoro wa tundu hilo.

Msomaji wako