Nguvu za Mungu zionekane kwenye pishi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika hivi karibuni kwamba Wakristo wa Unguja na Pemba tumedumaa kiroho kwa kuwa mikesha imepungua. Mimi ni mjane, nakaa Wete, na riziki yangu ni karafuu: msimu ukifika nachuma, na nisipochuma nachambua makonyo, yaani natenga karafuu na vikonyo vyake. Mikesha naipenda. Pambio likilegea usiku wa manane, mara nyingi mimi ndiye ninayelinyanyua, na asubuhi majirani zangu Waislamu hunitania kuwa tumewanyima usingizi. Kwa hiyo sina ugomvi na mkesha. Nina ugomvi na pishi, kile chombo cha kupimia karafuu.

Kwa wasomaji wa Bara wasiojua, mchumaji hulipwa kwa pishi za karafuu mbichi. Jioni unashusha pakacha lako mbele ya mwenye shamba, naye anapima. Pishi ya haki ni ya mfuto, yaani inasawazishwa ukingoni. Lakini wako wanaojaza hadi kilele kinasimama, wakakigonga chombo chini karafuu zishuke, wakaongeza tena, ndipo wakahesabu moja. Mtu ameshinda juu ya mti na ngoe yake ya kuvutia matawi tangu alfajiri, atasema nini? Kesho anataka kuitwa tena.

Msimu mmoja nilichuma kwa mzee wa kanisa ambaye kwa maombi hana mfano. Ijumaa tulikesha pamoja, akanena kwa lugha mpaka shati likalowa. Jumatatu yake akapima kwa kilele, na ujira akasema tungoje karafuu zikauke kwanza, ziuzwe. Nyuma yangu kwenye foleni alikuwapo kijana wa Kiislamu. Hakugomba. Aliniuliza kwa adabu tu: "Mama, huyu si ndiye mnayekesha naye?" Nilimwambia ndiye. Ningesema nini zaidi?

Wakati wa sadaka tunasomewa sana Luka 6:38, "kipimo cha kujaa na kushindiliwa, na kusukwa-sukwa hata kumwagika". Maneno hayo anaambiwa mtu anayetoa. Mzee wetu kipimo hicho anacho, hushindilia na kusuka-suka vizuri kabisa, ila anakitumia wakati wa kupokea.

Msomaji mwenzangu anasema tukiutafuta uwepo wa Mungu kwa bidii tutakua. Nakubaliana naye, lakini tuangalie ulivyofanya kazi ulipoingia nyumbani kwa Zakayo, yule mtoza ushuru, siku Yesu alipomtembelea. Luka hasemi kwamba Zakayo alianguka au alitetemeka. Anasema alisimama, akaanza hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na kila aliyemdhulumu kumrudishia mara nne. Bwana alikuwa mgeni wake kwa muda mfupi tu, na deni la watu likaanza kulipwa. Sisi tunamwalika usiku kucha kwa vipaza sauti, na daftari la wachumaji liko vile vile.

Na zile nguvu za Matendo 1:8 tunazoziomba kwa machozi, hapo hapo pameandikwa ni za nini: "nanyi mtakuwa mashahidi wangu". Hapa Pemba Wakristo ni wachache, tunahesabika. Jirani yangu haingii kanisani kusikia mahubiri yetu. Ushahidi wetu anauona dukani, kisimani na chini ya mkarafuu, na anauona vizuri kuliko mchungaji. Waebrania 5:14 inasema watu wazima ni wale ambao akili zao, "kwa kutumiwa, zimezoezwa kupambanua mema na mabaya". Zoezi hilo halifanyiki mara moja madhabahuni. Jioni kila unapoishika pishi una nafasi ya kufuta ukingo au kuacha kilele, na Roho aliyekujaza Ijumaa hajarudi mjini Jumatatu.

Waliotutangulia visiwani walilijua hili. Watu wengi wanajua kwamba kanisa kuu la Mkunazini, mjini Unguja, limejengwa penye soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Wachache wanakumbuka Banani, hapa hapa Pemba, ambako Wakristo wa jamii ya Marafiki (Quakers) walifungua misheni mwaka 1897, mwaka ule ule sheria ya Zanzibar ilipoacha kuutambua utumwa. Ibada yao ya asili ni kukaa kimya wakimngoja Mungu. Kelele hakuna kabisa, mimi nadhani ningesinzia! Lakini walikuwa na shamba la karafuu, na walioachiwa huru walifanya kazi humo kwa ujira. Kumngoja Mungu na kumlipa mchumaji havikuwa mambo mawili kwao.

Sasa ombi langu kwa wachungaji wa Pemba. Kabla msimu haujaanza, hubirini Yakobo 5:4, ule mstari wa ujira uliozuiliwa unaopiga kelele. Sijawahi kuusikia ukihubiriwa, na mimi kanisani sikosi. Kisha siku moja moja njooni shambani kwa waumini wenu jioni, saa ya kupima. Hamna haja ya kusema neno. Simameni tu karibu na pishi mtazame mkono unavyofanya, na kama wachumaji wamelipwa kabla ya kwenda zao.

Mchumaji wa karafuu,
Wete, Pemba