Kompyuta 24, jina moja

Muhula uliopita mwalimu wa shule moja ya huku kisiwani alinipigia simu. "Fundi, ile mashine namba saba haichapishi tena." Nikamwambia asubiri kidogo, nikafungua orodha ya mtandao wao nikiwa hapa dukani Langoni, Amu (Lamu). Namba saba sikuiona. Nilichoona ni maabara-01, na chini yake maabara-01, na chini yake tena maabara-01, mara 24. Chumba kizima kilikuwa na jina moja.

Aliyewafungia kazi ile simlaumu, maana alifanya tunavyofanya sote. Unaandaa kompyuta moja vizuri, mfumo wa Linux na programu zote za wanafunzi, kisha unanakili diski yake kwenye hizo 23 zilizobaki. Jioni umemaliza. Lakini nakala hubeba kila kitu, jina likiwemo. Namba alikuwa ameziandika kwa kalamu kwenye vikaratasi akavibandika juu ya skrini, na yeyote aliyekaa Amu anajua gundi na hewa ya chumvi hazikai nyumba moja. Tulipofika vilikuwa vimebaki tisa. Viwili kati ya hivyo vyote vilisema 12.

Mwalimu akapendekeza tukae kwenye kila mashine tuiandikie jina lake. Inawezekana, na kwa kompyuta nne ningefanya hivyohivyo. Kwa 24, siku diski itakapokufa na kunakiliwa upya, jina la zamani litarudi na mtanipigia tena. Afadhali majina yakae mahali pamoja, kwenye seva ya DHCP, yaani mashine inayozigawia nyingine anwani za mtandao, na kila mashine ipewe lake inapoamka.

Kompyuta ikiwashwa haina anwani. Hupiga mbiu kwenye kebo: nani anagawa anwani hapa? Seva hujibu kwa kuipa anwani moja, kompyuta huiomba ile ile, seva huthibitisha. Yote haya huisha kabla hujavuta kiti. Wengi wanaijua DHCP kama mgawaji wa namba tu, lakini ndani ya jibu lake huwamo mambo mengine: mlango wa kutokea kwenda kwenye intaneti, seva ya DNS ya kuulizia jina fulani lina anwani gani, na jina la mashine pia. Jina lina nafasi yake maalumu, chaguo namba 12, na limo katika waraka wa kanuni za mtandao, RFC 2132, wa mwaka 1997. Si jambo jipya. Tatizo ni kwamba rauta nyingi ndogo hazikupi pa kuliandikia, kwa hiyo sisi huweka kisanduku kidogo chenye programu ya dnsmasq kifanye kazi hiyo.

Seva humtambua nani ni nani kwa anwani ya MAC, yaani zile alama 12 ambazo kadi ya mtandao hutoka nazo kiwandani. Mstari mmoja kwa kila mashine unatosha:

dhcp-host=52:54:00:1a:2b:3c,mlango-3,192.168.10.33

Basi. Mashine yenye MAC hiyo itaitwa mlango-3 na itapata anwani hiyo kila siku. Programu hiyohiyo hujibu maswali ya DNS, kwa hiyo kompyuta nyingine ikiuliza mlango-3 iko wapi, itaelekezwa. Hapa mjini hakuna atakayekuelekeza nyumba kwa namba. Utaambiwa ni kwa fulani, nyuma ya msikiti fulani. Ndiyo maana mashine za shule ile tuliziita kwa mahali zilipo, mlango, dirisha na ubao, kuanzia 1 hadi 8 kila safu. Mwalimu akisema "dirisha tano" hata mwanafunzi anajua pa kutazama. Jina litumie herufi, tarakimu na kistari tu, bila nafasi wala alama nyingine.

Mstari huo peke yake hautoshi kwa mashine zilizonakiliwa. Linux nyingi hukubali jina la seva pale tu zisipokuwa na la kwao, kwa hiyo kabla ya kunakili diski lazima ufute lile lililoandikwa kwenye faili la /etc/hostname. Futa pia yaliyomo ndani ya /etc/machine-id. Hili la pili lilinipotezea asubuhi nzima: Linux nyingine hujitambulisha kwa seva kwa namba inayotokana na faili hilo, si kwa MAC, na nakala zikiwa na faili moja hugombania anwani moja kama watoto na embe.

Wateja wenye Windows niwaambie mapema: Windows haipokei jina kutoka DHCP. Yenyewe ndiyo humwambia seva inaitwaje, mara nyingi kitu kama DESKTOP- na alama saba zisizosomeka. Tunachoweza ni kuifanya seva itumie jina la kwenye orodha yetu kwenye DNS, hivyo wengine wataifikia kwa jina kama "kaunta" hata kama yenyewe inajiita vingine. Mkitaka jina libadilike mpaka ndani ya mashine, hilo tunalifanya kwa mkono, na lisizidi herufi 15.

Simu za wageni kwenye nyumba za kulala hatuzipi majina. Tangu Android 10 na iOS 14, simu hutumia MAC ya kubuni kwa kila mtandao, kwa hiyo kuiandika ni kazi ya bure. Hizo ziwekwe kwenye mtandao wao, mbali na kompyuta ya mapokezi.

Na tafadhali, msichomeke rauta ya pili kwenye swichi bila kutuambia. Nayo itaanza kugawa anwani, na atakayejibu mbiu kwanza ndiye anayesikilizwa. Kuna ofisi nusu ya mashine zilipoteza majina kwa sababu ya rauta kuukuu iliyoletwa "kuongeza nguvu ya Wi-Fi".

Chumba cha mashine 20 na kitu ni kazi ya siku moja, na nusu ya siku hiyo ni kutambaa chini ya meza na tochi kusoma MAC. Mkitutumia picha za zile lebo za nyuma ya mashine kwa WhatsApp, orodha tutaiandaa huku dukani. Walioko Pate na Faza tuambieni siku mbili kabla, maana boti hufuata maji.