Kwa Mama Neema, Stuttgart

Morogoro, Jumapili usiku

Mama Neema mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwetu wote. Sisi wazima. Bibi amepata nafuu ya mguu na amerudi kwenye mchicha wake nyuma ya nyumba. Mvua zimechelewa. Mengine utayasikia kwa Shani. Nisamehe kwa kimya cha tangu Pasaka, leo sina salamu ndefu, maana ujumbe wako wa sauti wa Alhamisi umeninyima usingizi. Nimeusikiliza mara nne. Pale unaposema Neema ametia viatu vyake vya kukimbilia kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga fundo na kuusukuma chini ya kitanda, machozi yalinitoka. Mtoto yule mimi nilimwona ana miaka sita akifukuzana na mbuzi wa Babu Mloka mpaka mbuzi akachoka!

Halafu mtu mzima, kocha, anasema ni utani wa watoto. Wasichana wa klabu yake ya riadha wanamlilia mwenzao sauti za nyani chumbani wanamobadilishia nguo, na yeye kocha anaita utani. Nimekasirika, Mama Neema. Bado nimekasirika.

Lakini sikushika kalamu kwa ajili ya huyo kocha. Nimeshika kalamu kwa lile ulilomwambia Neema: "Kazana mwanangu, ukiwashinda watakuheshimu." Nakuelewa. Ndivyo na sisi tulivyolelewa, na pengine ningekuwa mimi ningesema hayohayo. Ila nakuomba usimwambie tena, na nitakueleza kwa nini.

Unaikumbuka ile picha ya Wilma Rudolph, yule mkimbiaji mweusi wa Marekani, aliyoibandika Mwalimu Mkude ndani ya stoo ya michezo, kando ya Abebe Bikila wa Ethiopia? Wote wa Olimpiki ya Roma, 1960. Sisi tulimpenda Bikila kwa kuwa alikimbia marathoni peku kama tulivyokuwa tukikimbia sisi. Wilma tulimjua kwa kisa cha mguu tu. Mwalimu alikuwa anatusimulia kila tulipolalamika kuchoka: mtoto wa 20 kati ya 22 wa baba yake, kazaliwa kabla ya siku na uzito wa kilo mbili, polio ikaupiga mguu wa kushoto, akavaa chuma, kisha kiatu maalumu, mpaka alipokaribia miaka 12. Na mwisho dhahabu tatu: mita 100, mita 200 na kupokezana vijiti. Sisi tunanyamaza, tunarudi uwanjani.

Ukubwani nimemsoma zaidi, na sasa naona Mwalimu alituachia nusu ya habari. Mtoto yule aliugua katika mji ambao hospitali yake haikumtaka. Clarksville, Tennessee, hospitali ilikuwa ya wazungu. Mama yake, Blanche, alikuwa akifanya kazi za ndani kwenye nyumba za watu, na kila wiki alimpandisha mwanawe basi kwenda Nashville, karibu kilomita 80, kwenye hospitali ya watu weusi, na ndani ya basi lenyewe wakakaa viti vya nyuma kama sheria ilivyotaka. Kule akafundishwa kuukanda mguu, akaja kuwafundisha wanawe wengine, wakawa wanamkanda kwa zamu, mara nne kwa siku. Mimi nikifika hapo namwona Blanche kuliko ninavyomwona Wilma. Nakuona na wewe, na ile treni ya saa kumi na moja alfajiri uliyoniambia.

Sasa sikiliza. Wilma anarudi nyumbani na dhahabu zake tatu. Mwanamke wa kwanza wa Marekani kuzipata kwenye riadha katika Olimpiki moja, ana miaka 20, Waitaliano wanamwita Swala Mweusi. Mji unaandaa mapokezi: msafara barabarani na karamu usiku. Na wanataka kuandaa kama walivyozoea, weupe kwao, weusi kwao. Wilma akasema hapana. Ikiwa watu watatengwa, yeye haji.

Fikiria, msichana wa miaka 20! Wazee wangapi wangemwambia "mwanangu, chukua ulichopewa, ushukuru"? Lakini mji ukakubali. Tarehe 4 Oktoba 1960 Clarksville wakakaa pamoja mezani, watu zaidi ya 1,000, mara ya kwanza kwa mji ule kufanya shughuli yake bila kuwatenganisha.

Ndiyo maana nasema usimwambie Neema kwamba ushindi utamletea heshima. Haukumletea Wilma! Miaka mitatu baadaye, 1963, akiwa na medali zake zote, alikwenda na wenzake kwenye mkahawa wa hapohapo Clarksville na wakakataliwa kuhudumiwa. Mtu aliyefanyiwa msafara. Wangekuwa wanamheshimu kwa sababu ya mbio, wangekuwa wamemaliza kumheshimu kule Roma. Kilichobadilika kilibadilika kwa sababu yeye na wenzake walidai, mwaka 1960 na tena 1963. Mbio zilimpa nafasi ya kusikilizwa, na yeye akaitumia nafasi hiyo kuweka sharti.

Neema akiamini akishinda wataacha, basi siku akishinda na wasiache atadhani kosa ni lake, kwamba hakukimbia vya kutosha. Hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko hata hizo sauti za nyani.

Kwa hiyo mimi naona uende wewe na Baba Neema mkakae na huyo kocha, na juu yake kama kuna wa juu. Mwambieni mtoto atarudi, lakini kwanza wale wasichana na wazazi wao waambiwe wazi walichofanya, na yeye kocha ajue hilo si utani. Neema awepo akisikia. Akitaka kuhamia klabu nyingine, ahame, ila ahame baada ya kuwasikia wazazi wake wamesema.

Na umwambie kitu hiki, sidhani kama anakijua: Julai 1961 Wilma alikimbia hapohapo Stuttgart, mita 100 kwa sekunde 11.2, rekodi ya dunia. Mjini kwa Neema! Nilipokutana na habari hiyo nilipiga makofi peke yangu jikoni, Bibi akauliza kuna nini.

Nimalizie na la kwetu sisi. Fainali ya vijiti kule Roma, Lucinda Williams na Wilma nusura waangushe kijiti. Hakikuanguka, lakini mwendo ulikatika, na Wilma akaanza mita zake za mwisho akiwa nyuma, akawafukuza wenzake mpaka akampita na Mjerumani. Kila nikisoma hapo nakumbuka siku yetu ya mashindano ya wilaya, kijiti kilivyoniponyoka kabla sijakufikishia, nawe umeshanyosha mkono. Hukunisema hata neno. Ulikiokota kwenye vumbi ukakimbia, tukawa wa nne. Sijawahi kukushukuru, nakushukuru leo.

Haya, nijibu upesi. Baba Neema anasemaje? Yule mama Mkongo uliyesema mwanawe anacheza mpira wa kikapu, hawezi kuwasindikiza kwa kocha? Neema anakula? Analala? Anacheka bado akizungumza na kaka yake? Naweza kumpigia mwenyewe Jumamosi, au atahisi umenishitakia? Na ule mfuko, bado uko chini ya kitanda, au ameshaanza kuuchungulia?

Wako daima,
Mama Baraka

Kitenge cha Shani nimeshapata, kile cha bluu. Dada yake Rehema anasafiri tarehe ishirini, nitamkabidhi pamoja na dagaa.